Mto Ukoje Huko Juu?

Mbwera,
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Zuena,

Watu huandika kwamba wao ni wazima, hofu ni kwa anayeandikiwa. Mimi nakuandikia kinyume. Wewe naamini u mzima. Hofu iko kwangu, imejaa tele, na ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mwandiko wangu usiucheke. Niliupata ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, mwalimu akitufokea kama watoto.

Ni mimi Mwanaheri, mlima mpunga wa huku deltani, tuliyekaa benchi moja Kibiti mwezi uliopita kumsubiri daktari, toka asubuhi mpaka alasiri. Wewe moyo ulikuwa unakwenda mbio, mimi usingizi umenihama. Tukapewa vidonge vya rangi moja, tukaambiwa hatuna ugonjwa. Pale nje nilikwambia kwamba mimi hukaa nikitazama maji yanavyojaa mpaka jua linazama. Nilitegemea unione mwehu. Ukanijibu, "Mimi natazama mawingu." Neno hilo nimerudi nalo nyumbani, nalitafuna kama tambuu.

Shamba langu liko ng'ambo ya mkondo. Alililima mama yangu, na mama yake kabla yake. Miaka mitano hii maji ya bahari yanaingia mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Mwaka huu jaruba la chini limetoa mpunga mfupi, mwekundu, masuke matupu. Nimeonja udongo, ni chumvi. Nikisema, naambiwa bahari inajaa na kupwa tangu enzi za Nabii Nuhu. Mume wangu Mwinjuma, mkata boriti, yeye ana dawa moja tu: "Mke wangu, usifikiri."

Huku kwetu anayeogopa simba anasindikizwa, na anayeogopa jini anapungiwa ngoma. Anayeogopa kwamba mjukuu wake hatakuwa na pa kupanda hana mganga. Niandikie basi. Barua iache kwa Zaidi, mwenye duka Kibiti, yeye huwapa watu wa boti za Nyamisati.

Dada yako,
Mwanaheri Faraji


Mloka,
9 Oktoba 1997

Dada Mwanaheri,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimejifungia chooni, maana nyumba yangu haina siri. Nimeisoma mara tatu mpaka Ridhiwani, baba watoto, akagonga kuuliza kama naumwa tumbo.

Huku mvua ilikatika mapema na mto umenywea, viboko wamebanana kwenye vidimbwi. Mahindi hakuna. Tembo wanatoka porini mchana kweupe kufuata majani mabichi ya kando ya mto, nao wana njaa. Lakini hayo siyo yanayonitisha. Njaa tunaijua, tembo tunawajua. Kinachonitisha ni kwamba siwezi tena kuusoma mwaka. Bibi yangu alikuwa akiona ua fulani la porini limechanua anasema, "Pandeni," tunapanda, inanyesha. Mimi nimeliona ua lile lile mara tatu, nimepanda mara tatu, na mbegu zimekaangika ardhini mara tatu. Namtazama mwanangu Semeni anacheza, najiuliza nitamfundisha nini mtoto huyu.

Ridhiwani akiniona nimeinua uso juu ananiuliza, "Vipi, ndege yako imechelewa?" Nacheka naye. Kisha nakwenda jikoni, moyo unanipiga mpaka nashika nguzo.

Dada, mimi niko mbali. Barua inachukua siku kumi na tano, na hofu haingoji boti. Tafuta mtu wa hapo hapo. Haiwezekani Mbwera nzima uwe peke yako. Pengine na wenzako wamejifungia vyooni.

Mdogo wako,
Zuena


Mbwera,
22 Novemba 1997

Zuena,

Nimekutii, nikajuta, kisha nikafurahi. Ngoja nikueleze.

Niliwaambia wanawake wachache waje kwangu Ijumaa baada ya sala, kila mtu na miyaa yake ya kusukia, tusuke ukili wa mikeka na tuzungumze yanayotusumbua. Kumbe maneno yalipofika mtoni yameshakuwa "kikundi cha Mwanaheri," na siku hizi neno kikundi linanukia mkopo. Walikuja zaidi ya thelathini, mmoja na picha za pasipoti mkononi! Mwenyekiti naye akatuma mtu kuuliza ni kikundi cha chama gani. Nikasimama nikasema hakuna mkopo wala chama, nimewaita tusemezane kuhusu hofu. "Hofu ya nini?" Ya maji, nikasema. Basi wakacheka, maana mtu wa delta kuogopa maji ni kama mpishi kuogopa moto. Ijumaa ya pili tulibaki watano.

Kati ya hao watano yumo Tatu, mjane, shamba lake linapakana na langu. Alikuwa anasuka tu, hasemi. Jana, bila kuinua macho, akasema, "Mimi nilikuwa kila asubuhi nahesabu minazi iliyobaki kule ufukweni. Nimeacha. Siwezi tena." Tukalia wote, na ukili wa jana haufai hata kwa kawa ya kufunikia chakula.

Hofu haijapungua, nisikudanganye. Lakini jana nililala.

Nimewaambia nina ndugu huko juu, jina lako sikulitaja. Tatu anakusalimu na anauliza mto ukoje. Unajua maji yenu hutufikia sisi siku kadhaa baadaye, na yakikutana na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndipo huwa na kazi. Kila mmoja wetu ana dungu lake ng'ambo, kijumba cha juu ya miguu ya miti tunamolala kulinda mpunga. Kwa hiyo kila ukiandika, niandikie na mto.

Mwanaheri


Mloka,
28 Desemba 1997

Dada Mwanaheri,

Mvua niliyoililia imekuja, sasa naililia kwa kuja kwake.

Redio ya dukani inasema ni Elnino. Wazee huku wanafurahi, na Ridhiwani pia, maana kwetu mto ukipanda ni neema, unaleta rutuba na samaki. Nani atanisikiliza nikisema naogopa neema? Lakini dada, mto umepanda kabla ya wakati wake. Rangi yake siijui. Unashuka na miti mizima, majani bado mabichi, maana yake kingo zinakatika leo leo. Mbegu nimezipandisha darini. Kila nikisikia ukingo unaporomoka nahisi ni mimi ninayeporomoka. Mikono inatetemeka, ona mwandiko ulivyo. Jana nilimpiga Semeni kwa kukaribia maji, kisha nikamkumbatia mpaka akalia tena.

Haya siwezi kumwambia mtu mwingine yeyote. Kama una dungu ng'ambo, usilale huko.

Zuena


Mbwera,
21 Januari 1998

Kwa Mama mdogo Zuena,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Habiba, binti wa Mwanaheri. Nimeolewa Kiongoroni, lakini Ramadhani hii nimekuja kukaa na mama. Hajui kwamba nakuandikia, na nakuomba asijue.

Mama mdogo, tangu ifike barua yako ya mwezi wa kumi na mbili mama amekuwa si mama. Anafuturu kwa tende moja na maji, basi. Amegoma kabisa kuvuka kwenda shamba, na nguruwe mwitu wameingia kwenye mpunga. Anakaa kwenye gogo pale bandarini anatazama mkondo. Watu wanamcheka. Wengine wanasema ameingiliwa na jini. Baba amechoka, na mimi natembea njiani nimeinamisha uso.

Sisemi kwamba una nia mbaya. Najua mnapendana. Lakini mgonjwa haongezewi ugonjwa. Nakuomba barua ijayo umwandikie kwamba mto umetulia, hata kama haujatulia. Hakuna hatari yoyote. Dungu letu baba ameshalibomoa, hakuna mtu wa nyumba hii atakayelala ng'ambo mwaka huu. Ni kwa ajili ya moyo wake tu.

Ukimpenda, nisaidie.

Mwanao,
Habiba Mwinjuma


Mloka,
5 Februari 1998

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Sisi tulikula pilau mpaka tukashindwa kuinuka.

Mto umetulia. Umerudi mahali pake, umelala kama mzee aliyeshiba. Jua linawaka vizuri na watoto wanavua kambale kwa mikono. Mwezi ule nilizidisha mambo, ni ujinga wangu, unisamehe. Wazee walisema kweli, ni neema tu.

Kula, dada. Lala. Msalimie sana Tatu.

Zuena wako


Mloka,
12 Machi 1998

Dada Mwanaheri,

Sina jibu lako na sijui nitalipata lini. Barabara imekatika. Barua hii anaichukua mtu anayekwenda Ikwiriri, pengine kwa miguu, pengine kwa mtumbwi.

Sisi tu wazima. Shamba hakuna, jiko limekwenda, mbegu za darini zimeota ndani ya gunia. Tunaishi kwa kaka yake Ridhiwani, kwenye mwinuko. Ridhiwani hanitanii tena kuhusu ndege. Natamani angenitania.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Barua yangu ya mwezi wa pili ilikuwa ya uongo. Siku ile maji yalikuwa yameshafika mlangoni kwa jirani yetu Kondo, na mimi niliandika nimekaa kitandani nimekunja miguu. Niliandika yale ya kambale huku nalia. Nilidhani hofu ni kidonda, ukiifunika itapona. Hakuna aliyenituma. Ni mimi mwenyewe nilitaka upumzike, na nilijua dunguni hulali tena.

Nilijuaje? Usiniulize. Niandikie, dada. Hata tusi, nitalipokea.

Zuena


Mbwera,
6 Aprili 1998

Zuena,

Tatu amekufa.

Nilitaka kuanza kwa salamu, kalamu imekataa.

Kuna jambo nilikuficha. Barua zako nilikuwa nawasomea wenzangu. Zote, pamoja na ile ya mikono kutetemeka na Semeni kupigwa. Uliniambia huwezi kumwambia mtu mwingine, nami nikawasomea wanawake wanne. Unajua barua ikifika huku haiwi ya mtu mmoja, inasomwa. Lakini nisijitetee kwa desturi. Niliwasomea kwa sababu ulichoandika ndicho kilichokuwa vifuani mwetu na hatukuwa na maneno yake. Wanawake hawa walikuwa wanakungoja wewe kama watu wengine wanavyongoja redio.

Barua ya Desemba ilipofika, wote watano tuliacha madungu. Nguruwe wakala. Waume wakatukana. Tatu hakuwa na mume wa kumtukana, lakini hakuwa na mume wa kumlisha pia. Alikuwa anakula kwa mama yake, Bi Zabibu, mzee mwenye chakula kidogo. Hata hivyo hakuvuka.

Barua yako ya kambale ilifika Ijumaa, Februari ishirini, tumekaa tunasuka. Tatu akasema, "Soma." Nikasoma. Walicheka, Zuena. Yule wa picha za pasipoti, siku hizi ni wetu, alicheka mpaka akajishika mbavu kwa yule mzee aliyeshiba. Tatu akakunja ukili wake akasema, "Basi mimi kesho navuka, yamebaki majaruba mawili hayajaliwa."

Ijumaa iliyofuata, mwezi umeandama, bamvua ikapanda na mafuriko ya mto yakashuka, vikakutana ng'ambo. Dungu lake hatujaliona mpaka leo. Tatu mwenyewe alikutwa na Mwinjuma na wenzake siku ya nne, kwenye mikoko.

Sasa nisikilize. Unasema ulidanganya. Mimi nilijua. Sijafika katikati ya ile barua nilishajua. Barua zako zote zina mtu ndani yake anayeogopa, na hiyo haikuwa na mtu. Ningeweza kusimama nikasema, jamani, huyu si Zuena, kuna kitu. Nikaendelea kusoma kwa sauti, kwa sababu tangu Ramadhani hatukuwa tumecheka na mimi nilitaka kucheka. Na asubuhi nilimwona Tatu akiingia mtumbwini na kapu lake. Akanipungia mkono. Nikampungia.

Kwa hiyo usijililie peke yako. Tatu tumemuua wawili.

Wiki hii ni Idi ya kuchinja na nyumba hii haina hamu. Ijumaa hawaji tena. Mimi sijawaambia kwamba nilijua. Bi Zabibu nikikutana naye njiani ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniua.

Sijui kama nitakuandikia tena.

Mwanaheri


Mbwera,
17 Mei 1998

Kwa Mama mdogo Zuena,

Shikamoo. Ni Habiba, bado niko kwa mama. Safari hii mama anajua kwamba nakuandikia, amekaa hapa uani anapepeta.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipokea mimi bandarini na nikaifungua kabla yake. Niliona ulivyoandika kwamba hakuna aliyekutuma. Nilishusha pumzi, mama mdogo. Nikaifunga upya kwa gundi ya wali, nikampa mama, nikanyamaza. Nilimwona anaisoma, nilimwona anakujibu, nilimwona anakonda, na bado nilinyamaza. Wewe ulinificha kwa wema. Mimi nilijificha nyuma yako.

Juzi Ijumaa mama aliwaita wenzake. Walikuja kwa heshima tu. Akamwita na Bi Zabibu, mama yake Tatu. Akawaambia wote kwamba siku ile alipokuwa anasoma alijua barua ni ya uongo. Wakamtazama. Mmoja akaanza kukusanya miyaa yake aondoke. Bi Zabibu alikuwa anatazama mikono yake.

Mimi nilikuwa mlangoni. Sijui niliingiaje ndani. Nikasema, "Barua ile niliiomba mimi. Mama mdogo Zuena aliandika kwa sababu nilimwomba."

Mama alifumba macho.

Bi Zabibu akaniuliza, "Kwa nini?" Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei. Nikamwambia nilikuwa naona aibu, mama yangu anaogopa maji mbele za watu na watu wanacheka. Akasema, "Hiyo si sababu." Na kweli haikuwa. Basi nikasema hofu ambayo hata mume wangu sijamwambia. Nina mimba ya miezi sita, kama walivyoiona. Kule Kiongoroni nyumba yetu ilikuwa ya nne kutoka ufukweni siku nilipoolewa. Sasa ni ya kwanza. Naogopa kuliko mama. Kila alipokaa pale bandarini akitazama mkondo nilitaka afumbe macho, ili na mimi nipate kufumba yangu. Sikuwa namwombea yeye apumzike. Nilikuwa najiombea mimi.

Nje mtu alikuwa anaita kuku. Mimi nilikuwa nimesimama, tumbo mbele, sijui niende wapi, na ningefurahi mtu anipige.

Bi Zabibu akasema, "Leo sikusamehe."

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Akasema, "Lakini kaa."

Nikakaa. Hawakuniuliza zaidi. Yule aliyekuwa anakusanya miyaa akairudisha chini. Baadaye, sijui ni saa ngapi, mmoja akasema kwamba yeye mvua ikianza huwa anawavalisha wanawe viatu ndani ya nyumba, hata kama wamelala. Mwingine akasema na yeye anafanya hivyo. Mama alikuwa analia bila sauti. Tulikaa hivyo mpaka magharibi, na Bi Zabibu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka.

Wameamua mambo mawili, nami nimeagizwa nikuandikie. La kwanza, wanataka uendelee kuandika. Wanasema uandike mto ulivyo, ukiwa mbaya uandike mbaya, na ukiogopa uandike kwamba unaogopa, hakuna atakayekucheka. Mama anasema kama kuna la siri, liandike kwenye karatasi ya pembeni kwa jina lake, hatalisoma mbele ya mtu tena.

La pili linanihusu mimi. Kuanzia sasa barua zako nitazisoma mimi. Hili alilitaka Bi Zabibu mwenyewe. Atakaa mbele yangu, na amesema atakuwa ananitazama mdomo. Sitaruka neno.

Mwanao,
Habiba Mwinjuma